Mkono Uliobaki Kwenye Gia

"Mkamwana, nifungulie hilo gari nimtoe mwanangu."

Ndivyo alivyoingia Nakiete gereji siku ya kuanua matanga, bila hodi, vumbi la mlima likiwa limempanda hadi magotini. Mkwewe Tulinagwe alikuwa uvunguni mwa gari. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, na miguu hiyo haikusogea.

"Shikamoo, mama."

"Salamu yako iweke. Nimekwambia fungua."

Kando yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamume mmoja wa mjini, suti yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Huyo alikuwa Bwana Rwechungura wa kampuni ya Kimbunga, watengenezaji wa magari ya mbio. Alisimama, akainama kidogo kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

"Bibi, pole kwa safari. Na pole tena kwa mwaka mzima wa msiba."

"Pole zako mbili hizo, nigawie moja, nyingine mpe mama yako," Nakiete akasema. "Ninyi ndio mliomtia humo."

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, fupi kama chura aliyejiandaa kuruka. Liliitwa Mbogo. Kati ya viti vyake kulikuwa na gia ya kuingiza kwa mkono, kirungu chake cheusi kimechakaa kwa kushikwa, na nchi nzima hapakuwa na nyingine iliyofanya kazi. Magari ya matajiri, hata yale ya kasi, yalikuwa na gia ya pambo tu. Unaisukuma, spika inanguruma, roho yako inafurahi, kumbe aliyeendesha ni Mwongozo. Mwongozo ndio ulioendesha kila chenye magurudumu, kutoka gari la waziri mpaka toroli la takataka. Sheria yake ilikuwa fupi: mtu aweza kushika usukani, aweza kufunga breki, ila asiamue mwendo. Na gia ndiyo mwendo. Gia ya Mbogo iliruhusiwa barabarani kwa sababu haikuingizwa na mtu aliye hai.

Iliingizwa na Elinami, mtoto wa Nakiete, mume wa Tulinagwe, mtu wa mwisho kupewa cheti cha gia kabla vyeti havijafutwa. Kimbunga walimvalisha glavu yenye nyuzi, akapanda na kushuka mlima wa Ngwasi msimu mzima, nyuzi zikijifunza kiganja chake jinsi kinavyosukuma na kinavyosita. Kisha waliyojifunza wakayashusha ndani ya kirungu. Kikawa kinasukuma chenyewe, klachi inajikanyaga, mafuta yanajitia, na aliyekaa kwenye kiti ana kazi ya kupinda na kufunga breki tu. Elinami alipokufa kwa maradhi ya ini, mwili ulizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Mkono ukabaki kwenye gia.

"Leo ndiyo siku yenyewe, bibi," Rwechungura akasema. "Sheria inataka Mkono usubiri matanga yaanuliwe. Baada ya hapo mwenye damu aushike. Mkono ukipiga hodi, ukiujibu 'karibu', ni wa Kimbunga, nasi tutautia katika kila gari jipya. Watu wamechoka na gia za pambo. Wanataka kushikwa na bingwa. Ukinyamaza hodi zote tatu, unaondoka. Haurudi."

"Mwanangu si hamira ya maandazi, kila nyumba igawiwe kijiko."

Tulinagwe akatoka uvunguni, akajifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka Mbeya, na ukweni hawakuwahi kumsamehe urefu wala Mbeya yenyewe.

"Ukinyamaza, mama, Mbogo halina tena Mkono. Likionekana barabarani linapondwa. Hapo utakuwa umefurahi?"

"Nitakuwa nimezika. Wewe huoni haya? Majirani wananiambia kila jioni unajifungia humo, unashikwashikwa na mtu wa kaburini."

"Waambie hao majirani nilikuwa mke wake kabla hajawa maiti."

"Na mimi nilimfuta kamasi kabla wewe hujajua Upare iko upande gani!"

Rwechungura akakohoa, akatazama dari. Tulinagwe akafungua mlango wa kushoto, akaushikilia wazi kama anayemfukuza kuku.

"Panda. Ushuke naye Ngwasi mara moja tu. Tukifika chini, unyamaze kama bado una ubavu wa kunyamaza."

"Mimi ndiye wa kutishwa na gari?"

Nakiete akapanda. Rwechungura akasema atatangulia kuwasubiri bondeni, kwenye uwanja wa mbio. Gari lake likamfungulia mlango lenyewe, likaondoka kimya.

*

"Weka kiganja chako kwenye kirungu," Tulinagwe akasema. "Usikikamate; ukikikamata, jibu la hodi ni lako. Kiache kikukamate."

Injini ilipowaka, kiti kilitetemeka mpaka meno ya Nakiete yakagongana. Akaweka kiganja kwa chuki, kama anayepima joto la mgonjwa asiyempenda. Ndani ya kirungu kitu kikagonga. Ko, ko, ko.

Alijua ni nini. Elinami hakuwahi kuondoa gari bila kugonga gia kwa kifundo cha kidole. Alisema gari lina mwenyewe, huwezi kuingia kama mwizi. Watazamaji wa mbio walimpenda kwa hilo, wakawa wanamjibu kutoka majukwaani.

"Karibu," Tulinagwe akajibu upesi, kama mke anayejibu kutoka jikoni.

Gia ikaingia. Nakiete akahisi kiganja chake kinashikwa kwa chini. Dole gumba likatangulia, kisha vidole vitatu vikafuata, na pale pa kidole cha mwisho pakawa patupu, maana kile kilipindishwa na moto wa jiko alipokuwa anatambaa, kikakataa kunyooka maisha yake yote. Ni yeye Nakiete aliyekuwa amegeuka kuchota maji. Hakuna kampuni iliyojua habari ya jiko lile. Nyuzi ziliokota utupu, zikauhifadhi ulivyo.

Waliingia kona ya kwanza, gia ikashuka taratibu. Kona ya pili, ikashuka tena, injini ikabana, gari likatulia kama mtoto aliyewekwa mgongoni. Kila mara Mkono ulipokuwa unajiandaa, ulimbana kidogo kwanza, kumwarifu. Elinami alimbana hivyohivyo walipokuwa wanavuka mto Ngwasi kwa mawe, yeye akiwa mdogo na kujifanya ndiye anayemvusha mama.

"Umenyamaza," Tulinagwe akasema, macho yake barabarani.

"Endesha."

"Si mimi ninayeendesha."

Nakiete aliona aibu kwa alichokuwa anakiwaza. Alikuwa anawaza: na wamtie. Wamtie katika magari yote. Kila litakalopita mlimani atalisimamisha, ataomba kushika gia kidogo tu, watamwona kichaa na atakubali kuwa kichaa. Alikuja kumtoa mwanawe, na sasa alikuwa amemshika mkono kama asiyetaka aende shule.

Ndipo wakafika kwenye mnyoosho.

Pale mlima unaacha kona, barabara inateremka moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Mkono ukabana kiganja cha Nakiete, ukaivuta gia katikati, ukaiacha hapo. Injini ikashusha sauti. Gari likawa jepesi, likaanza kukimbia kwa uzito wake lenyewe, upepo ukipiga mluzi dirishani.

"Frii!" Nakiete akasema, akacheka bila kutaka. "Huyo baba yake huyo!"

Marehemu mumewe aliendesha lori la tangawizi, na hakuna dereva wa tangawizi aliyeushuka mnyoosho wa Ngwasi ndani ya gia. Waliachia frii, dizeli ipone. Mwisho wa mnyoosho kulikuwa na kilima, nacho kililisimamisha lori chenyewe kwa upole. Elinami alijifunzia kwenye lori lile, akakua na kuwa bingwa, lakini pale aliachia frii mpaka kufa kwake. Walimu wa cheti walimkemea, naye alisema ndiyo, ndiyo, akaenda kuachia.

Lakini kilima hakikuwepo tena. Masika yaliyofuata mazishi yaliporomosha mlima, na wahandisi wakakikata, wakaipeleka barabara kushoto ghafla, ukingoni mwa genge. Nakiete mwenyewe alikuwa amepita pale kwa miguu. Alikumbuka hilo na kicheko bado kiko mdomoni.

"Mkamwana. Kilima kiko wapi?"

Tulinagwe alikaza usukani. Alikuwa amekanyaga breki, na harufu ya breki inayoungua ilikuwa imeshaingia ndani. Mkono wake wa kushoto ukashuka juu ya mkono wa Nakiete kwa kishindo, akasukuma. Kirungu kikakataa. Mle ndani Elinami alishikilia frii yake kwa utulivu wote wa mtu anayejua kilima kinakuja.

"Acha! Unamvunja vidole!"

"Toa mkono wako, mama! Toa!"

Hakuutoa. Sijui hofu, sijui kiburi. Akasukuma pamoja naye, wawili dhidi ya mmoja, mpaka mishipa ya shingo ya Tulinagwe ikasimama, na gia ikaingia mbili kwa kelele ya chuma kilichotukanwa. Mbogo likainama pua. Likazungukia ukingo, mawe yakiruka chini ya gurudumu la nyuma na kupotelea gengeni, na Nakiete hakusikia yanapoangukia.

*

Tulinagwe aliegesha mahali ambapo zamani wauza tangawizi walipanga magunia. Akazima injini.

"Tangu lini?" Nakiete akauliza.

"Tangu walipokata kilima."

"Kila ukishuka?"

"Kila nikishuka. Anaachia, nami namrudisha. Nimeshamzoea."

"Na yule wa suti anajua?"

"Ramani yake ni ya msimu ule walipomrekodi. Yeye anaona bingwa anashuka mlima bila kosa."

"Basi hukumwambia."

"Nimwambie ili aufute?" Tulinagwe akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya huruma. "Usinitazame hivyo. Hata wewe ulipomshika nimekuona. Umekuja hapa na domo lako lote, lakini ulipomshika ukatulia kama aliyenyweshwa dawa."

"Nilitulia. Sasa niambie, hao watakaonunua magari hayo, nani atawarudishia gia?"

"Watajifunza."

"Wewe ulilala naye kitanda kimoja ndiyo ukamjua. Hao wataambiwa ni bingwa, wataweka mikono, wataacha. Nusu yao hata breki hawajawahi kuikanyaga tangu wazaliwe."

"Hao si watu wangu, mama. Mtu wangu ni huyu."

Neno hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa Nakiete pia.

"Wanaweza kuondoa ile frii," Tulinagwe akasema, sauti imeshuka. "Wamtoe hiyo tu. Mengine wayaache."

"Wakiitoa frii, keshokutwa mto utahama, daraja litajengwa pengine. Watatoa na hiyo? Watamkata vipande mpaka abaki nani? Maiti hajifunzi njia mpya, Tulinagwe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake, na halikutoka kwa upole.

"Washa gari."

"Kwa nini?"

"Washa. Au utalala hapa?"

Tulinagwe akawasha. Kiganja cha Nakiete kilikuwa kimesharudi juu ya kirungu, na sasa kilikamata.

Ko, ko, ko.

Tulinagwe alifungua mdomo. "Kar—"

"Wewe si damu. Mwenye damu ameshika. Jibu ni lake."

Kimya. Hodi ya kwanza ikapita.

"Mjibu," Tulinagwe akasema. "Mama. Mjibu mwanao."

Ko, ko, ko. Safari hii taratibu zaidi, kama mtu anayejua wenyewe wamo ndani na labda wako jikoni. Nakiete alijiuma mdomo wa chini. Neno lilikuwa limekaa ulimini, fupi, alilomjibu tangu alipoweza kufikia kitasa cha mlango. Mgeni akipiga hodi tatu asijibiwe, huondoka bila kinyongo; ndivyo alivyomfundisha mwenyewe, na mtoto alikuwa mwenye adabu.

"Usimfukuze! Nakuomba, nakupigia magoti, usimfukuze!"

Ko. Ko. Ko.

Akaisubiri mpaka mwisho. Kisha kile kilichokuwa kinamshika kwa chini kikalegea, dole gumba likitangulia, vidole vitatu vikifuata. Kikabaki kirungu cha plastiki, baridi kama mwiko uliosahauliwa nje.

Tulinagwe alipiga usukani kwa ngumi zote mbili. "Mchawi wewe! Umemuua mara ya pili! Ya kwanza ilikuwa ini, hii ni wewe!"

"Sema yote. Nasikiliza."

Lakini hakukuwa na nafasi ya kusema yote. Kutoka kwenye nguzo ya kando ya barabara sauti ya Mwongozo ilisikika, laini, isiyo mume wala mke: "Gari halina Mkono. Wahusika washuke. Kiponda kinakuja."

Juu mlimani, kitu kizito kilianza kuteremka. Tulinagwe alitazama kioo cha nyuma, akatazama bondeni, ambako paa la uwanja wa mbio lilionekana dogo kama kibiriti. Ndani ya uwanja Mwongozo haukuwa na neno. Amri yake iliishia getini.

Aliinama, akakunjua pedali ya klachi iliyofungwa kwa waya chini ya dashibodi. Waya ulikuwa umeshalegezwa zamani. Nakiete aliuona, akaelewa zile jioni za kujifungia gereji: alikuwa anajifunza gia.

"Funga mlango wako vizuri, mama," Tulinagwe akasema huku ameuma meno. "Sasa naendesha mimi."

Hakuendesha kama Elinami. Elinami aliingiza gia kama anayesalimia umati. Huyu aliingiza kwa mivuto mifupi, kwa hesabu, kama anayekoroga uji usifanye madonge. Kona ikaja, akateremsha, akasubiri, akateremsha tena. Kila gia aliichagua kwa barabara iliyokuwa mbele yake leo. Nyuma kiponda kilikuwa kinavuma, mbele geti likawa linakua, na yeye alikuwa analia muda wote bila kupangusa, kamasi na machozi, pasipo kukosea hata mara moja.

Nakiete alitazama mkono ule wa Mbeya, wenye grisi kwenye kucha. Kwa sheria, kiganja kile kikionekana mwisho kwenye kirungu, mwenyewe atafungiwa milango: hakuna gari nchini litakalomfungulia tena, wala basi wala la wagonjwa. Na fundi wa mbio asiyeweza kufika kwenye mbio ni nini?

*

Walipita getini, kiponda kikasimama nje, kikizomea. Rwechungura alikuwa akiwasubiri mbele ya safu ya magari yasiyo na dereva, tabasamu tayari. Tulinagwe alitaka kurudi nyuma aingie kwenye banda. Gia ya rivasi ikakwaruza, ikakataa, ikakwaruza tena, mwishowe ikaingia kwa shida. Kabla hajazima, Nakiete akaweka kiganja juu ya kirungu, akakivuta kwa nguvu mpaka katikati. Frii.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza. Leo ni siku ya kunyamaza."

Nguzo ya getini ikauliza: "Gari limetembea barabarani bila Mkono. Nani ameingiza gia?"

"Mimi," Nakiete akasema, akishuka.

"Kiganja cha mwisho ni cha Nakiete, mama wa Elinami. Imepokelewa."

"Haiwezekani!" Rwechungura alikuwa amekwisha kutazama kifaa chake, uso umempauka. "Mkono umekwenda! Bibi, umejua ulichofanya? Na huyu hawezi kuwa ndiye aliyeendesha, miguu yake haifiki hata kwenye klachi!"

"Ulikuwepo?" Nakiete akamuuliza.

"Nauliza kwa akili tu, bibi."

"Kwa akili hiyohiyo nenda kwenye mnyoosho wa Ngwasi, utafute kilima. Ukikipata, njoo unishitaki na hilo la Mkono."

"Milango yote imefungwa kwake, leo na daima," nguzo ikasema.

Nakiete akajifunga kanga upya, akaanza kutembea kuelekea getini. Alipolipita gari la kwanza katika ile safu, kufuli zake zikajifunga: tak. La pili: tak. Safu nzima ikamfungia, moja baada ya jingine, kama watu wanaotema mate njiani pake. Hakuharakisha. Tangu mabinti wengine wa rika lake walipokuwa wanabebwa na magari kwenda sokoni, yeye aliujua mlima ule kwa nyayo.

Tulinagwe akamfikia getini.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba."

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Mimi naenda nyumbani, na nyumbani naenda kwa miguu. Wewe unakokwenda ni mbali." Alimtazama juu mpaka chini, urefu wote ule. "Kwenda mbele unajua. Kurudi nyuma hujui hata kidogo. Utaua giboksi. Rudi ukajifunze, na ukija kaburini kwake usije na mikono yenye grisi."

Akageuka, akaanza kupanda. Alikuwa amekwisha kufika kwenye kona ya kwanza aliposikia bondeni, nyuma ya kuta za uwanja, Mbogo likiwashwa. Rivasi ikakwaruza.

"Mjinga," Nakiete akasema, akapunguza mwendo ili asikie akijaribu mara ya pili.